Sakafu ya nyumba ya kupanga: kutandika kapeti la plastiki bila gundi

Maswali ni yale yale. Sakafu ya niru, ule uji wa saruji unaolainishwa juu ya sakafu, imebabuka, nitandike nini? Gundi ipi nzuri? Mwenye nyumba akinuna je? Nikihama kapeti naliacha au nalibeba? Nimeona niyajibu yote kwa mpigo, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili usome huku futi iko mkononi.

La gundi litangulie, maana ndilo linalowaponza wengi. Usitumie. Kapeti la plastiki lililogandishwa kwenye saruji halitoki zima. Ukilivuta, mgongo wake unabaki sakafuni, na pale ambapo gundi imeshika vizuri niru yenyewe inang'oka nalo. Hapo umepoteza kapeti, umeharibu sakafu ya mtu, na kama uliweka dipoziti ndipo inapoishia. Kapeti lililokatwa vizuri likakaliwa na kitanda, kabati na makochi haliendi popote. Wanaohitaji gundi ni wenye maduka na maofisi, si mpangaji wa chumba na sebule.

Mwongozo huu ni wa nyumba kama zilivyo nyingi Dar es Salaam na miji mingine ya mwambao: chumba cha chini, sakafu ya saruji au niru, ukuta wa nje unaopigwa na mvua, bafu limepakana na chumba. Kama uko ghorofani kazi yako ni nyepesi zaidi, na hatua ya unyevu utaipita haraka.

Kwanza, ni kitu gani unatandika?

Kapeti la plastiki, lile ambalo Kenya huuzwa kwa jina la mkeka wa mbao, ndilo ninalolipendekeza kwa mpangaji anayetaka kufunika chumba kizima. Linafutika, linakatika kwa wembe, linakunjika likaingia kwenye kirikuu siku ya kuhama. Hatua zote hapa chini ni zake.

Vigae vya plastiki vya kubandika, vyenye gundi mgongoni, vinavutia sana dukani. Juu ya marumaru safi vinashika na baadaye vinatoka. Juu ya niru, au saruji iliyopakwa rangi nyekundu, ama vitaachia kabla ya masika kuisha kwa sababu ya vumbi na unyevu, ama vitashika mno na kutoka na rangi ya mwenye nyumba. Hakuna katikati.

Sponji za kufungana kama fumbo la watoto zinafaa pale mtoto anapojifunza kutambaa. Chumba kizima, hapana. Uchafu unapenya kwenye maungio na utakuwa unazifumua kila wiki kufagia chini yake.

Mbao za kubana ubavu kwa ubavu, zile za kisasa, waachie wenye nyumba. Zinataka sakafu iliyonyooka sana, na ukihama chumba kipya hakitakuwa na vipimo vya kile cha zamani.

Mkeka wa ukili na jamvi visidharauliwe. Kwa chumba chenye unyevu mwingi usiotibika, mkeka mkubwa unaouinua na kuuanika juani ni bora kuliko kapeti zuri linalooza chini kwa chini. Nitalirudia hili kwenye hatua ya 2, kwa sababu watu hawapendi kulisikia.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Futi ya chuma ya mita 5, daftari na kalamu
- Kisu cha wembe, ule unaosukumwa mbele na kuvunjwa ncha ikiwa butu, pamoja na nyembe za akiba
- Rula ndefu ya chuma, au kipande cha bomba bapa kilichonyooka
- Ubao mwembamba au kipande cha plaiwudi cha kukatia juu yake
- Tepu pana yenye nguvu, ile ya kitambaa
- Tepu ya karatasi ya mafundi rangi
- Chaki
- Nailoni angavu, kama nusu mita ya mraba, vipande viwili
- Ufagio, dekio, sabuni ya unga, na patasi kuukuu au kisu cha kupakia putti
- Magazeti au karatasi ngumu ya kutengenezea ramani ya kona
- Mtu wa pili. Kapeti la mita 4 likiwa wazi halishikiki na mtu mmoja bila kulivunja mikunjo.

Hatua ya 1: Piga picha, kisha zungumza na mwenye nyumba

Picha ndizo zinatangulia. Piga sakafu nzima kutoka kila kona, halafu usogee karibu kwenye kila ufa, kila shimo, kila doa la mafuta lililoachwa na mpangaji aliyekutangulia. Jitumie kwa WhatsApp au barua pepe ili tarehe ibaki hapo.

Kisha mtumie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi, hata kama mmeshaongea barazani. Kitu kama hiki kinatosha:

"Shikamoo baba. Naomba kutandika kapeti la plastiki chumbani na sebuleni. Sitatumia gundi wala msumari, na nikihama nitalitoa na kuacha sakafu kama ilivyo kwenye picha hizi. Kuna shimo karibu na mlango, nikiliziba kwa saruji itakuwa sawa?"

Swali la mwisho lina faida yake. Linamjulisha kwamba shimo lilikuwepo kabla yako. Wengi wakiulizwa namna hii hujibu "sawa mwanangu, hakuna shida", na jibu hilo ulitunze. Kama nyumba uliipata kwa dalali, usiridhike na "mzee hana neno" ya dalali. Mwenye nyumba ndiye atakayekagua.

Hatua ya 2: Pima unyevu

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi ya zote, na ndiyo chanzo cha karibu kila kapeti linalonuka.

Saruji hunyonya maji kutoka ardhini. Sakafu ikiwa wazi, unyevu huo unapanda kidogo kidogo na kukauka bila wewe kuuona. Ukiifunika kwa plastiki umeuzibia njia. Unabaki chini, unaotesha ukungu, au unasogea pembeni kutafuta ukuta.

Fanya hivi. Fagia sehemu mbili, moja katikati ya chumba na nyingine karibu na ukuta wa nje au wa bafu. Laza kipande cha nailoni angavu kila sehemu na uzibe pande zote nne kwa tepu pana, hewa isipite. Acha kuanzia jioni hadi jioni ya kesho. Kisha tazama kabla hujabandua:

Kukiwa kukavu na saruji iko rangi ile ile, endelea na kazi.

Kukiwa na vitone vya maji upande wa chini wa nailoni, au saruji chini yake imekuwa nyeusi kuliko jirani yake, maji yanapanda kutoka ardhini. Vitone vikiwa upande wa juu, huo ni unyevu wa hewa ya chumba. Fungua madirisha, tatizo si sakafu.

Angalia na ukuta pia. Rangi iliyofura na kupukutika kuanzia chini hadi usawa wa goti, na unga mweupe wa chumvichumvi unaotoka ukiupangusa kwa kidole, ni ushahidi tosha hata kama nailoni imetoka kavu. Na kumbuka kipimo cha Januari au Agosti si kipimo cha Aprili. Ukipima kiangazi, waulize majirani masika huwa hali gani.

Sakafu ikiwa na unyevu ufanye nini? Mafundi watakwambia utandike nailoni nzito chini halafu kapeti juu. Nailoni italikinga kapeti, ni kweli, lakini maji hayatoweki. Yatakusanyika chini ya nailoni na kutafuta pa kutokea, na kwa kawaida hutokea ukutani. Kwa unyevu mdogo, nailoni pamoja na kuinua kapeti mara kwa mara inaweza kukufaa. Kwa unyevu unaoonekana kwa macho, usifunike ukuta hadi ukuta. Tandika mkeka au zulia dogo linaloinulika, uache sakafu ipumue pembeni, na fedha ya kapeti uiweke.

Hatua ya 3: Pima chumba na upige hesabu ya vipande

Usiamini "chumba ni kumi kwa kumi". Hizo ni futi za mwenye nyumba. Pima upana sehemu tatu: mwanzo, katikati na mwisho, pima urefu vivyo hivyo, andika kipimo kikubwa kuliko vyote. Kuta zetu nyingi hazijanyooka, na tofauti ya sentimita 4 kati ya mwanzo na mwisho wa ukuta mmoja ni jambo la kawaida kabisa.

Kapeti nyingi sokoni zina upana wa mita 2, na unakatiwa urefu unaoutaka. Hakikisha upana huo dukani kabla ya hesabu. Tuchukue mfano wa chumba cha futi kumi kwa kumi, yaani karibu mita 3.05 kila upande. Kipande kimoja cha mita 2 hakitoshi upana, kwa hiyo unahitaji viwili. Kila kimoja kikatwe mita 3.20, ili ubaki na ziada ya kuchezea kila upande. Jumla ni mita 6.40 za urefu. Utabaki na ukanda wa karibu sentimita 90 wa pembeni, utafaa koridoni.

Ujanja uko kwenye mwelekeo. Chumba cha mita 4.10 kwa mita 3 kikitandikwa kwa kufuata upande mfupi kitahitaji vipande vitatu vya mita 3.20, jumla mita 9.60. Kikitandikwa kwa kufuata upande mrefu kinahitaji viwili vya mita 4.30, jumla mita 8.60, na maungio ni moja badala ya mawili. Chora chumba kwenye daftari mara mbili, kila mwelekeo, kabla hujatoka nyumbani.

Kapeti lenye maua au miraba linataka ziada ya kulinganisha picha. Pima dukani umbali kutoka ua moja hadi ua linalofanana nalo, uongeze urefu huo kwenye kipande cha pili.

Hatua ya 4: Nunua kwa macho na vidole

Kariakoo utakuta maduka yamepangana, na bei inatajwa kwa njia mbili. Mmoja anauza kwa mita ya urefu, mwingine kwa mita ya mraba. Kapeti la upana wa mita 2 likitajwa bei ya mita ya mraba, mita moja ya urefu ni mara mbili ya bei hiyo. Uliza kabla hujafurahi.

Lishike. Lile jembamba kama kitambaa cha meza ni rahisi, ila kila punje ya mchanga iliyo chini yake itaonekana juu ndani ya wiki moja, na miguu ya kitanda italitoboa. Kwa sakafu yenye mikwaruzo chukua nene, lenye mgongo wa sponji. Geuza na utazame mgongo: ukiwa wa nyuzinyuzi kama blanketi, na nyumba yako ni ya chini, liache. Nyuzi hizo zinakunywa maji.

Kunja kona kwa nguvu kidogo. Likiacha mstari mweupe usiotoka, litapasuka kwenye mkunjo siku za usoni.

Sisitiza lizungushwe kama bomba, lisikunjwe kama shuka. Muuzaji mwenye haraka atalikunja ili likae kwenye bodaboda; mkatalie, tafuta bajaji. Mkunjo uliokaa siku mbili ni vigumu kuutoa.

Hatua ya 5: Andaa sakafu

Toa kila kitu chumbani. Najua, kabati ni zito na jirani hayupo. Kutandika kwa kuzunguka kabati kunamaanisha siku utakayolihamisha utakuwa na kapeti lenye shimo la umbo la kabati.

Kwangua matone ya saruji na rangi yaliyogandia kwa patasi, ukiilaza patasi isichimbe niru. Fagia, piga deki kwa maji ya sabuni, kisha kwa maji matupu, na uache ikauke mpaka kesho yake. Sakafu inayoonekana kavu saa tatu baada ya deki bado ina maji ndani.

Mashimo yaliyozidi upana wa kidole yazibe kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga laini, kama mwenye nyumba ameridhia, na uupe siku kadhaa za kukauka. Nyufa nyembamba ziache.

Halafu usitandike maboksi wala magazeti chini ya kapeti ili "kulainisha". Huu ni ushauri unaozunguka sana mitaani, na kwa nyumba ya chini ni mwaliko wa mchwa. Watakula boksi kimya kimya na siku ukiinua kapeti utakuta njia za udongo zimeelekea kwenye mguu wa kabati.

Hatua ya 6: Lipe kapeti muda wa kulala

Lifungue chumbani, au uani kwenye jua la asubuhi kwa nusu saa hivi. Joto linalilegeza. Jua la saa saba mchana ni kali mno, linalivuta. Kama limekazana kujiviringa, lizungushe upande wa pili, picha ikiwa nje, lifunge kwa kamba kwa saa moja, ulifungue tena. Kisha liache limelala wazi chumbani usiku kucha likiwa na vitu vizito kwenye kona. Harufu ya plastiki mpya ni kali; fungua madirisha, na wenye pumu wasilale humo siku ya kwanza.

Hatua ya 7: Kata

Anza na ukuta ulionyooka kuliko wote, kwa kawaida ule unaotazamana na mlango. Sogeza kipande cha kwanza mpaka kingo zake zipande ukutani kwa sentimita 5 hivi pande zote tatu. Simama mlangoni utazame kama mistari ya picha inaenda sambamba na ukuta. Macho ya mgeni yanaanzia hapo, kwa hiyo fuata jicho lako zaidi ya futi.

Kata hivi: bonyeza kapeti kwa rula mpaka lizame kwenye pembe ya ukuta na sakafu, uone mstari wa mkunjo. Vuta kapeti kidogo lirudi kwako, lisukumie ubao chini yake, na ukate kwa kufuata mkunjo. Ubao ni lazima. Ukikatia moja kwa moja juu ya niru, ncha ya wembe itachora mstari ambao mwenye nyumba atauona siku kapeti likitoka.

Pitisha wembe mara tatu kwa wepesi, usikaze mara moja. Mara ya kwanza unachora, ya pili unazama, ya tatu inaachia. Ukisikia wembe unakwaruza na kapeti linajikusanya mbele yake, ncha imekuwa butu. Vunja, endelea na mpya. Anayehifadhi wembe anaharibu kapeti.

Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya kapeti na ukuta. Plastiki hutanuka chumba kikipata joto, na ikikosa pa kwenda inainuka katikati.

Kona ya ndani: kata pembetatu ndogo kwenye ncha, kidogo kidogo, mpaka kapeti litulie bila kuvimba. Kona inayotokeza, kama ya nguzo: chana kutoka juu kushuka hadi usawa wa sakafu, usipitilize hata milimita. Fremu ya mlango ina mikunjo mingi. Chukua gazeti, likate mpaka likae sawasawa kuizunguka fremu, kisha lilaze juu ya kapeti na uchore kwa chaki.

Hatua ya 8: Maungio

Kwa kuwa vipande viwili vinazidi upana wa chumba, wewe ndiye unayeamua maungio yaangukie wapi. Yapeleke chini ya kitanda au kochi. Usiyaache kwenye njia ya kutoka mlangoni.

Laza kipande cha pili juu ya cha kwanza, vipishane sentimita 4, picha zikilingana. Weka ubao chini ya vyote viwili na rula juu, katikati ya mpishano, na ukate vyote kwa pamoja. Ondoa kanda mbili zilizokatika, moja juu na moja chini. Kingo zitakutana bila nafasi kwa sababu zimekatwa na mpito mmoja.

Sasa kuzishika bila kugusa sakafu. Inua kingo zote mbili, laza tepu pana chini yake huku upande wenye gundi ukitazama juu, kisha shusha kingo juu ya tepu na uzisugue kwa kitambaa. Tepu inashika mgongo wa kapeti tu; sakafu haijui kilichotokea. Ncha za tepu zishikilie kwa kipande kidogo cha tepu ya karatasi wakati unafanya kazi, baadaye uzitoe.

Hatua ya 9: Mlangoni

Hapa ndipo kapeti huchanika kwanza. Maliza ukingo chini kabisa ya mlango ukiwa umefungwa, usitokeze nje. Fungua na ufunge mlango mara kadhaa. Ukikwama, usirande mlango wa mwenye nyumba. Kata kapeti kwa umbo la njia ya mlango, uishie hapo.

Ukingo wa mlangoni unaweza kuhitaji kushikwa. Bandika tepu ya karatasi sakafuni kwanza, na tepu ya pande mbili juu yake, ili gundi kali iguse karatasi na si niru. Ibadilishe mara kwa mara, maana kwa joto letu tepu ya karatasi ikikaa muda mrefu inakauka na kugeuka sehemu ya sakafu.

Na zulia dogo la kufutia miguu: lisiwe na mgongo wa mpira. Mpira ukikaa muda mrefu juu ya plastiki huacha doa la njano lisilofutika kwa sabuni yoyote, kwa sababu rangi imeingia ndani ya plastiki yenyewe. Chukua la kitambaa au la katani.

Hatua ya 10: Rudisha vyombo

Nyanyua, usiburute. Chini ya kila mguu wa kitanda cha chuma na meza weka kipande cha mabaki ya kapeti, uso kwa uso na kapeti la chini.

Moto ndio adui. Jiko la mkaa lisikanyage humo kabisa. Sufuria iliyotoka motoni, pasi, chetezo cha udi, dawa ya mbu ya kuwasha: vyote viwe juu ya sinia au kigae. Dawa ya mbu ikianguka usiku huchoma duara jeusi dogo, na kapeti nyingi za kupanga zinatambulika kwa alama hiyo.

Mambo yakienda kombo

*Limevimba katikati.* Mara nyingi limekazwa ukutani. Tafuta upande usio na nafasi na ukate milimita chache. Kama nafasi ipo pande zote, kuna hewa au mchanga: inua ukingo ulio karibu, fagia, rudisha. Usitoboe kwa sindano.

*Kingo zinajikunja juu.* Lilitandikwa kabla halijalala. Pasha ukingo kwa drai ya nywele, joto la chini, ukiwa mbali kiasi cha shubiri moja, kisha lilalie kwa matofali yaliyofungwa kwenye kitambaa usiku mzima.

*Maungio yameachia.* Vumbi limeingia kwenye tepu. Badilisha tepu yote. Kupachika tepu juu ya ile ya zamani hakusaidii.

*Harufu ya uvundo.* Inua kona iliyo karibu na bafu kwanza. Kukiwa na madoa meusi ya ukungu, toa kapeti, safisha sakafu na mgongo wa kapeti kwa maji ya sabuni, anika, na urudie kipimo cha nailoni. Harufu ikirudi ndani ya wiki chache, sakafu imekwisha kujibu: kapeti la ukuta hadi ukuta halifai hapo. Kama ni bomba la bafu linalovuja, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, na picha unazo.

*Maji yameingia ndani na mvua.* Usisubiri. Maji chini ya plastiki hayakauki yenyewe hata kwa wiki. Toa vyombo, lizungushe kapeti, kausha sakafu siku mbili tatu madirisha yakiwa wazi, ndipo ulirudishe.

*Kuna shimo la moto.* Chukua mabaki yenye picha inayofanana, yaweke juu ya shimo, kata vyote viwili kwa pamoja kwa umbo la mraba, na ufunge chini kwa tepu iliyotazama juu kama kwenye maungio. Ndiyo maana mabaki hayatupwi.

*Nimeshabandika vigae juu ya marumaru na gundi imebaki.* Pasha kwa drai, kwangua kwa kadi ya plastiki, kisha futa mabaki ya gundi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia na umalizie kwa sabuni. Kwa marumaru yenye kung'aa tu. Mafuta juu ya saruji au niru yanazama na kuacha doa jeusi, na utakuwa umeongeza tatizo.

*Nahama.* Geuza kingo za maungio, chana tepu, na mgongoni mwa kila kipande andika kwa kalamu nzito kilikuwa upande gani na vipimo vyake. Zungusha picha ikiwa nje, funga sehemu tatu kwa kamba, lilale ndani ya gari lisisimame. Fagia, piga deki, na upige picha zile zile za kona zile zile kabla hujakabidhi ufunguo.

*Chumba kipya ni kikubwa zaidi.* Tandika lote katikati na uache sakafu pembeni, au tafuta ukanda wa rangi moja iliyokolea wa kuzungushia kingo. Usihangaike kutafuta picha ile ile dukani. Mzigo mpya ukifika rangi huwa imepishana kidogo, na kupishana kidogo kunaonekana vibaya kuliko rangi tofauti kabisa.